Rizevu ikizima pikipiki, anza na tangi kabla ya kabureta

Mkuu, umesema pikipiki yako ya zamani, Honda CG125, inatembea vizuri koki (kifungulio cha petroli chini ya tangi) ikiwa ON, ukihamia rizevu, yaani petroli ya akiba, inakohoa na kuzima, na fundi anataka ubadilishe kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Nakuomba usinunue kitu kwanza. Koki hiyo ina njia mbili ndani ya tangi: ON inavuta kupitia kibomba kirefu, rizevu inavuta chini kabisa, pale maji na kutu vinapotuama.

Mwaga petroli ya chini, kwa njia ya rizevu, kwenye chupa ya kioo angavu. Iache itulie. Maji yatashuka na kukaa chini, utauona mpaka wake kabisa. Yangu ilitoa na unga mwekundu kama udongo wa kichuguu, ndipo nikajua tangi linaliwa kwa ndani.

Kama ni kutu, maliza petroli yote, toa koki, ziba tundu, jaza siki nyeupe na uache usiku kucha. Suuza kwa maji yenye magadi kidogo, halafu maji safi, ukaushe palepale na kulijaza petroli. Likibaki na unyevu, kutu inarudi siku hiyohiyo. Kazi hii ifanyie nje, mbali na jiko na sigara, tafadhali sana.

Kabla ya kurudisha koki, osha kichujio chake na uweke oringi mpya (mpira wa duara unaozuia kuvuja). Ikivuja, kukaza zaidi kunapasua tu. Na pikipiki ikiegeshwa muda mrefu, iache tangi likiwa limejaa.