Nani anatundika mzoga sebuleni?

SWALI: Anko habari za kazi. Nilienda semina kwenye hoteli moja, ukutani wana picha ya kizamani, sungura kafa kaning'inizwa mguu mmoja kichwa chini, pembeni kuna kware na bunduki. Mi nikashangaa, nani anatundika mzoga sebuleni? Na mchoraji alivumiliaje harufu? Kama kuna nzuri zaidi nitajie nikazitafute mtandaoni. Msomaji, Morogoro.

JIBU: Nzuri tu mdogo wangu. Kwa ulivyoielezea hiyo ni staili ya Waholanzi wa karne ya 17, na bingwa wao ni Jan Weenix wa Amsterdam, alifariki 1719. Sasa kule kuwinda haikuwa ya kila mtu, sheria iliwapa nafasi watu wa ukoo na vyeo, na matajiri wa mjini walikuwa na hela ila cheo hawana, kwa hiyo unanunua sungura aliyechorwa kwa rangi ya mafuta unamtundika, mgeni akiingia ajue humu wanakaa wakubwa. Kujimwambafai tu, hamna kingine. Ila hata wakubwa wenyewe walizipenda, Johann Wilhelm, mtawala wa Kijerumani aliyekaa Düsseldorf, alimpa Weenix kazi ya kumchorea mapicha makubwa ya mawindo kwa ajili ya kasri lake la Bensberg.

Harufu isikusumbue, Ulaya nyama ya porini iliachwa ining'inie siku kadhaa ilainike ndo ipikwe, jikoni walishazoea.

Za kutafuta: anza na Chardin, Mfaransa (1699–1779). Weenix anakuchorea mpaka sharubu mojamoja na yale manyoya meupe ya tumboni unatamani kuyashika, Chardin yeye alimweka sungura mbali kidogo makusudi asianze kuhesabu manyoya, akachora umbo na mwanga tu, yaani ukisogea karibu unaona mikwaruzo ya brashi, ukirudi nyuma sungura huyo hapo. Mi namkubali huyu zaidi.

Halafu mtafute bata mweupe wa Oudry, mchoraji mwingine Mfaransa, 1753. Bata mweupe, kitambaa cheupe, mshumaa mweupe, bakuli jeupe, na ukuta nyuma nao mweupe, lakini kila weupe na rangi yake, hakuna vinavyofanana. Hiyo utaiona kwenye picha tu maana iliibwa Uingereza miaka ya 1990, kwenye jumba la Houghton Hall, na haijapatikana.