Macbeth hakulazimishwa na wachawi, usije ukaandika hivyo

Mdogo wangu, futa hiyo sentensi kabla hujaendelea. Umeuliza jinsi utabiri unavyochochea tamaa na umwagaji damu katika Macbeth, tamthilia ya Shakespeare, nafasi ya Lady Macbeth, mkewe Macbeth, na namna ya kufunga insha, halafu rasimu yako inaanza na "wachawi walimlazimisha Macbeth amuue mfalme". Sentensi hiyohiyo niliiandika mimi mwaka wa kwanza chuoni, nikapata 7 kati ya 25. Pembeni msahihishaji aliandika kwa wino mwekundu maneno mawili tu: "Banquo je?"

Nilikaa nayo karatasi ile kwenye ngazi za maktaba mpaka jua likazama. Banquo, jemadari mwenzake Macbeth, alikuwepo palepale nyikani wachawi walipotoa utabiri. Alisikia kwa masikio yake kwamba hatakuwa mfalme ila atazaa wafalme, na hakumgusa mtu. Tena alimwonya mwenzake kwamba nguvu za giza humwambia mtu kweli ndogondogo ili zimnase kwenye jambo kubwa.

Aliyenipotosha ni mwalimu wa tuisheni aliyetuuzia notisi za kurasa nne: "Macbeth ni mhanga wa majaliwa." Tulilipa, tukakariri, naye hakutufungulia tamthilia yenyewe hata siku moja. Inaniuma mpaka leo, na nikiona rasimu yako nahisi notisi zile bado zinazunguka.

Sasa angalia. Wachawi wanamwita Macbeth kwa vyeo vitatu: bwana wa Glamis, bwana wa Cawdor, kisha mfalme mtarajiwa. Glamis tayari anayo. Cawdor, mfalme Duncan ameshaamuru apewe kabla hata hajakutana nao, ila habari haijamfikia. Mjumbe wa mfalme, Ross, anapoileta, wazo la kuua linamjia papo hapo, ilhali hakuna aliyetamka neno kuua. Anajisemea hata kwamba kama bahati inataka awe mfalme, basi imvike taji bila yeye kunyanyua mkono. Njia hiyo aliiona, akaiacha.

Nilichokiruka mimi kabisa ni Fleance, mtoto wa Banquo. Kama Macbeth aliamini lililotabiriwa halizuiliki, kwa nini atume wauaji wamvizie Banquo na mwanawe? Utabiri unaompa taji anaukumbatia, unaowapa taji watoto wa mwenzake anaupiga vita! Banquo anakufa, Fleance anatoroka. Baadaye Macbeth anawafuata wachawi kwa miguu yake, wanamwambia ajihadhari na Macduff, bwana wa Fife. Macduff keshakimbilia Uingereza, basi Macbeth anaamuru wachinjwe mke na watoto wa Macduff. Ni mchawi gani aliyewataja hao?

Kwa hiyo kila ukitaka kuandika "utabiri ulimfanya", simamisha kalamu, rudi kwenye ukurasa, uliza: wametamka nini hasa, na kisu kashika nani? Andika majibu yote mawili, moja kando ya jingine. Tamaa utaikuta hapo katikati, na alama ziko hapohapo.

Anza na aya ya Fleance. Ukiimaliza ibandike hapa, nitaisoma usiku huuhuu.