Usilipe hiyo invoisi, fungua kwanza marejeo yako

Mkuu hiyo dola 150 bado iko mfukoni? Kama iko usitume. Umesema una pepa ya simulesheni ya maji kwenye tabaini ndogo, jarida limekuandikia imeili ya kukusifia na kuahidi kukutoa ndani ya siku tano, unauliza ulipe au vipi, na h-indeksi, kile kipimo cha jinsi pepa zako zinavyonukuliwa, itapandaje kabla hujaomba kupandishwa cheo. Nimesoma nikashika kichwa maana imeili hiyo naijua mpaka koma zake, hata mimi waliniita profesa mheshimiwa, wakati huo nabeba ndoo za maji kwenye nyumba ya kupanga Uyole.

Nikalipa. Na pepa yenyewe haikuwa mbaya, hapo ndipo panapouma. Nilikuwa na vipimo halisi, mimi na fundi mmoja tumesimama ndani ya kijito huko Rungwe na mita ya kupima kasi ya maji, baridi ile ya Juni mnayoijua, halafu nikaja kulinganisha na k-epsilon, modeli ya kukadiria msukosuko wa maji, kwenye OpenFOAM, programu ya kusimuleti mtiririko. Wengi wetu kwenye hii fani tuna picha za rangi rangi tu, cha kulinganishia hatuna, mimi ninacho nikaenda kukitupa shimoni.

Nasema shimoni kwa sababu hela ndio hasara ndogo. Pepa ilikubaliwa bila swali hata moja, kuna jedwali nilikosea nikaliweka mara mbili na wao wakalichapa mara mbili, nikasaini fomu ya hakimiliki huku nacheka mwenyewe. Kamati ya kupandisha vyeo ikasema jarida hili hatulitambui. Nikaomba waiondoe niipeleke kwingine, wakanidai ada ya kuondoa, kubwa kuliko ya kuchapisha! Nikaona isiwe tabu, nikairekebisha nikaituma jarida la maana, mhariri akaipitisha kwenye programu ya kukagua kufanana, ikawaka nyekundu yote, nikaonekana nimejiibia mwenyewe. Leo tovuti yao haifunguki na vipimo vyangu havipo popote ambapo mtu anaweza kuvisoma. Ila jamani nilinukuliwa, tusidanganyane, na pepa ya lishe ya kuku wa mayai. Tabaini bandani sijui ya nini.

Aliyenipeleka huko ni mzee mmoja wa ofisini, "ISSN ipo, DOI ipo, unataka nini tena?" Mzee wangu, ISSN ni namba ya kutambulisha jarida tu na DOI ya kutambulisha pepa tu, namba ya gari haikwambii kama breki zinashika. Na ile impakti fakta, namba ya wastani wa pepa za jarida kunukuliwa, waliyoibandika ukurasa wa mbele haikutoka Clarivate, kampuni inayoikokotoa, wameipika wenyewe. Nilipokwama huyo mzee akaniambia vijana mna haraka. Haraka ya nani sasa!

Sheria yangu ni hii: jarida ambalo halimo kwenye marejeo yako mwenyewe usilipelekee pepa. Fungua orodha uangalie. Umetumia k-epsilon, lazima umewataja Launder na Spalding wa 1974, hiyo ni Computer Methods in Applied Mechanics and Engineering. SST ya Menter 1994, modeli nyingine ya msukosuko, ni AIAA Journal. Ulijaribisha kodi yako ya kompyuta kwa lile jaribio la kisanduku cha maji chenye mfuniko unaoteleza, basi ni Ghia na wenzake 1982, Journal of Computational Physics. Journal of Fluids Engineering ya ASME tangu 1986 walishatangaza hawachapishi hesabu za kompyuta ambazo hazijapimwa makosa yake, kwa hiyo watakubana kwenye meshi, vile vijisehemu ulivyoigawia maji kwenye kompyuta, mpaka uchukie kusoma, poa tu, angalau kuna mtu kasoma. Sisemi kesho uamkie Journal of Fluid Mechanics, humo kwenye orodha yamo na ya saizi yetu. Na mengi ya hayo ukipita njia ya kawaida, ile ya msomaji kulipia, mwandishi hutoi hata senti, na ukitaka ya wazi kwa wote ulizia msamaha wa ada kwa nchi kama yetu KABLA ya kutuma.

Hiyo h-indeksi alikuja nayo Hirsch, mwanafizikia, 2005: una h ya 4 kama una pepa nne ambazo kila moja imenukuliwa si chini ya mara nne. Pepa ishirini zisizonukuliwa na mtu ni sifuri kavu. Ghia wananukuliwa mpaka leo kwa sababu waliacha majedwali ya namba, mtu akiandika kodi mpya ya kompyuta anakwenda kulinganisha pale. Kama na wewe una vipimo vya mtoni, weka majedwali, sio picha tupu.

Bandika hapa marejeo yako tuyapitie pamoja. Na wakikwambia punguzo linaisha Ijumaa usipaniki, wale wangu tovuti yao ilishakufa lakini mimi hiyo Ijumaa bado wananikumbusha.