Vifaranga 500, maji ya bomba, na maana ya maisha

Juzi usiku msomaji mmoja kanitumia ujumbe. "Shikamoo ticha. Nimemaliza chuo, huu mwaka wa tatu sina kazi, na biashara ya nguo imenifia mkononi. Wewe unayesoma falsafa nisaidie, hivi maisha yana maana gani?" Nikamjibu marahaba, nikaweka simu chini kwanza. Swali hilohilo nililiuliza mwenyewe mwaka 2018, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele yangu rundo la vifaranga waliokufa.

Nilikuwa mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Nikaacha kazi, nikakopa, nikajenga banda, nikaingiza vifaranga 500 wa kuku wa nyama. Wiki tatu za mwanzo mambo safi: maranda makavu, jiko la mkaa usiku kucha, na mimi naamka kila baada ya saa mbili kuwaangalia. Wiki ya nne nikawakuta wamejikunyata pembeni, manyoya yamesimama, kinyesi cheupe cha majimaji. Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoua vifaranga. Siku tano baadaye nilibaki na kuku mia na kitu. Shemeji yangu akasema mbele ya watu, "Huyu ni wa chaki, mlitegemea nini?" Sijasahau. Akisoma hapa ajue sijasahau.

Basi nikakimbilia vitabu, na kwanza nikakimbilia Wazungu. Udhanaishi, falsafa ya kwamba mtu ndiye anayejiundia maana ya maisha yake, nilikuwa nimeuonja chuoni, kwenye somo la riwaya za Kezilahabi, nikaona sasa niufuate hadi kwao. Jean-Paul Sartre, mwanafalsafa wa Kifaransa, katika mhadhara wake wa Paris, Oktoba 1945, alitumia mfano wa kisu cha kukatia karatasi. Fundi anajua kisu ni cha kazi gani kabla hajakitengeneza. Binadamu ni kinyume: anakuwepo kwanza, halafu anajitengeneza mwenyewe kwa anayoyachagua. Nililewa na maneno hayo. Nikabandika karatasi ukutani yenye malengo ya miaka mitano, tena kwa kalamu nyekundu kama nasahihisha mtihani.

Tatizo likawa usiku. Kama maana ya maisha yangu nimeiunda mwenyewe, na yenyewe imefia bandani, basi mimi nimebaki nani? Falsafa hii ni tamu unapopanda. Ukiporomoka inakuachia uhuru wote na lawama zote.

Aliyenitoa huko ni mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vyakula vya mifugo, ambaye nilikuwa na deni lake. Nilikwenda kumwomba muda, akaniagizia chai. Akanisimulia habari za Arjuna, shujaa aliyesimama katika uwanja wa vita wa Kurukshetra, anavyoishiwa nguvu mpaka upinde unamponyoka, na mungu Krishna anavyomwambia kuwa haki yake iko kwenye kazi, haiko kwenye matunda ya kazi. Ni Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, sura ya 2, ubeti wa 47. Akausoma kwa Kisanskriti, kisha akanitafsiria kidukani: "Mwalimu, kulisha ni kwako. Kunenepa si kwako."

Nikarudi nyumbani mwepesi kabisa. Na hapo ndipo nilipoharibu mara ya pili. Mwaka mzima nikawa mtu wa kuachia. Ada ya mtoto? Achia, tunda si letu. Barua ya kuomba kurudi kazini? Achia. Mke wangu anaamka saa kumi kukanda maandazi, mimi naachia. Sikujua kwamba ubeti uleule una mkia: wala usijifunge na kutotenda. Mzee alikuwa ameusoma wote. Mimi nilichukua nusu iliyonifaa.

Mwaka 2020 bwana mifugo mmoja akaniuliza, kwa mazungumzo tu, ile chanjo ya Gumboro niliichanganya na maji gani. Nikamwambia ya bomba. Akanyamaza, kisha akanieleza: maji ya bomba yana klorini, dawa ya kuua vijidudu, na klorini inaweza kuiua chanjo hai, yaani yenye virusi hai waliodhoofishwa, kabla kuku hajainywa. Miaka miwili nilikuwa namlaani aliyeniuzia vifaranga! Matunda hayakuwa yangu, sawa, lakini maji yalikuwa yangu. Niliyateka mwenyewe.

Kumbe na Magharibi walishalisema hili zamani. Epictetus, mwanafalsafa wa kale aliyekuwa mtumwa Roma na baadaye akafundisha Nikopoli, Ugiriki, alianza na kutenganisha mambo mawili: yaliyo mikononi mwetu na yasiyo mikononi mwetu. Mweke kaunta moja na mzee wangu wa duka, wangeelewana kabla chai haijapoa. Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu anasema Mashariki ni kutulia na Magharibi ni kupambana, najua hajasoma upande wowote mpaka mwisho.

Ndugu zangu, nawaambia kwa upendo. Wewe unayeandika "ndivyo ilivyopangwa" kila ukifeli, umepima maji? Na wewe unayejilaumu mpaka hulali, ugonjwa uliuleta wewe? Fanya kazi, acha tunda. Pima maji, acha tunda. Sina dawa nyingine, na anayekuuzia semina ya kutafuta kusudi la maisha hana pia.

Tuseme lakini ninayo moja, si yangu. Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna, alipitia kambi za Wanazi, Auschwitz ikiwemo. Wazazi, kaka na mke, wote walifia kambini. Alitoka na wazo kwamba tunauliza kinyume: si sisi tunaoyauliza maisha yana maana gani, maisha ndiyo yanayotuuliza sisi, na jibu tunalitoa kwa tunachofanya saa hiyo. Ni Mzungu huyo, lakini mzee wa duka angemwagizia chai.

Kwa hiyo sikumwandikia yule kijana mhadhara. Nilimuuliza, "Mdogo wangu, kesho asubuhi nani anakusubiri?" Ikapita kama robo saa. Akajibu: "Mama. Nampeleka kliniki ya sukari, saa mbili."

Nikamwambia alale mapema na watoke saa kumi na mbili. Foleni ya kliniki ya sukari naijua.