Umeme uliofichwa kwenye fremu ya dirisha

SWALI: Mhariri habari za kazi. Mimi ni fundi wa madirisha ya aluminiamu hapa Tabata, profaili zangu karibu zote za China. Juzi mpwa wangu aliyeko chuo akaniambia mjomba wewe unauza umeme ulioganda, tukacheka weee, ila akaongeza kuwa Wachina wameahidi hewa ukaa sifuri na kila jimbo linapimwa kivyake. Sasa jimbo likifunga kiwanda halafu mzigo ule ule likaununua kutoka jimbo la pili, si ni kufagia taka ukazisukumia kwa jirani? Na moshi wa dirisha langu anaandikiwa nani?

JIBU: Fundi, mpwa wako yuko sahihi. Kilo 1 ya aluminiamu mpya inakula kama yuniti 14 za umeme pale kwenye kuyeyusha tu, kwa hiyo dirisha lenye kilo 10 limebeba yuniti 140, wewe piga hesabu ya LUKU ya kwako hizo unakaa nazo siku ngapi. Na China umeme mwingi bado ni wa makaa ya mawe.

Ahadi aliitoa Rais wa China, Xi Jinping, Septemba 2020 kwenye Umoja wa Mataifa, hewa ukaa ifike kileleni kabla ya 2030 halafu iwe sifuri kabla ya 2060, yaani inayotoka isizidi inayofyonzwa. Shida iko pale pale ulipopagusa, kwenye kuigawa kimkoa mkoa.

Angalia Beijing, mji mkuu unaopimwa kama jimbo. Walikuwa na kiwanda kikubwa cha chuma, Shougang, cha tangu 1919, kikawa kinatimulia mji moshi miaka na miaka, wakakihamishia Caofeidian kule jimbo jirani la Hebei, pwani, na tanuri za Beijing zikazimwa mwisho wa 2010. Leo pale kwenye minara ya kupozea maji ndipo waliporukia ski kwenye Olimpiki ya 2022, pamependeza kweli. Mwaka 2017 wakafunga na mtambo mkubwa wa mwisho wa umeme wa makaa. Lakini maghorofa hayajaacha kujengwa na taa zinawaka, manake nondo zinatoka Hebei na umeme mwingi unatoka nje ya mji, ukiwemo wa makaa wa Mongolia ya Ndani, hapo hapo China. Ukihesabu kwa bomba la moshi Beijing msafi na Hebei mchafu, ukihesabu kwa anayetumia mambo yanageuka, na mimi naona anayetumia naye aandikiwe sehemu yake, haiwezekani Hebei abebe lawama yote ya nondo za mwenzake.

Na vikomo vya kimkoa vikibana kuna vituko. Septemba 2021 Jiangsu na Guangdong na majimbo mengine viwanda vilikatiwa umeme, kisa makaa yalikuwa machache na bei juu, ila pia baadhi ya majimbo yalikuwa yanakimbizana na kiwango cha nishati yalichopangiwa, kama mtu anayebana matumizi tarehe 28 baada ya kula raha mwezi mzima.

Ila sio kila kuhama ni ujanja. Viwanda vya aluminiamu vya Shandong vilivyokuwa vinachoma makaa vingine vikahamia Yunnan kwenye umeme wa maji, hapo moshi umepungua kweli, haujabadilishiwa anwani tu. Ubaya ni kwamba mvua zikigoma maji ya mabwawa yanashuka, mwaka 2022 waliambiwa wapunguze uzalishaji, sisi wa enzi za mgao tunaijua hiyo kitu vizuri sana.

Sasa dirisha lako. Kwa hesabu rasmi za nchi moshi ule umeandikwa China, Tanzania haihusiki, japo anayefungua dirisha apate upepo yuko Tabata. Umoja wa Ulaya ndio wameamua kumfuata mnunuzi, kuanzia Januari 2026 chuma, saruji, aluminiamu, mbolea na vingine kidogo vikiingia kwao vinatozwa kwa hewa ukaa iliyomo ndani. Mzigo wako ukiishia Tabata tozo hiyo haikuhusu.

Halafu vile vipande unavyokata usivitupe kwenye kifusi. Aluminiamu ya kuyeyusha upya inakula kama asilimia 5 tu ya nishati ya ile mpya, kwa hiyo jamaa wa skrepa anayekupigia honi pale nje anakuja kununua yuniti zilizolala, mbane kwenye bei.