Wanafunzi wanaukimbia ufagio

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nafundisha Uraia katika sekondari ya kata huku Lushoto. Kila Ijumaa mchana nawatoa wanafunzi wa kidato cha tatu wakafagie zahanati na njia ya sokoni, ili wazoee kuitumikia jamii. Nusu yao wanatoroka. Wazazi nao wananilaumu kwamba nimewageuza watoto wao vibarua wa bure. Nafikiria kuwapa vyeti watakaohudhuria. Unanishauri nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tuyaache ya vyeti kwanza. Hapo shuleni kwenu, mtoto akichelewa mstarini anapewa kazi gani? Kama ni shule ninazozijua, anafyeka nyasi au anadeki vyoo. Sasa aliyefyeka Jumatatu kwa kosa la kuchelewa, Ijumaa unamkabidhi ufagio ukimwambia huu ndio uraia mwema. Lazima atoroke! Kaeni na walimu wa zamu, adhabu na huduma zisifanane hata kwa vifaa.

Wazazi usiwabeze. Wana hoja. Mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alipoandika Elimu ya Kujitegemea, hakutaka mwanafunzi ashike jembe tu. Alitaka ashiriki pia kuamua shamba la shule liendeshwe vipi na mapato yake yafanye nini. Shule nyingi zilibaki na jembe. Sehemu ya kuamua ikasahaulika, na hiyo ndiyo iliyokuwa Uraia wenyewe.

Kwa hiyo tafuta kazi ambayo ndani yake kuna jambo la kuamua. Huko milimani kwenu nyumba nyingi zinategemea chemchemi, na mabondeni watu wanalima kabichi na karoti mpaka miguuni pa maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji. Vijana wako wanaweza kuikariri mita 60 kwa ajili ya mtihani, lakini wangapi wameiona ardhini ilivyo?

Wape kamba yenye fundo kila mita 10. Wapime kutoka kwenye chemchemi, wachore ramani daftarini: hapa shamba, hapa mti, hapa ng'ombe wananyweshwa. Waje na ndoo ya lita 20 na saa, waandike inachukua muda gani kujaa. Kipimo hicho wakirudie kiangazi na masika. Wawaulize akina mama wanaochota hali ilikuwaje zamani. Hapo ndipo waulize tupande nini na wapi. Mikaratusi mkae nayo mbali, inakunywa maji kuliko kijiji kizima; mkuyu unafaa zaidi.

Hapa pana mwiba. Ndani ya hizo mita 60 utakuta shamba la mzazi wa mwanafunzi wako, pengine hata la kiongozi wa kijiji. Usimruhusu mtoto yeyote amwambie mtu mzima "ng'oa kabichi zako." Ramani isiwe na majina ya wenye mashamba. Na kabla hamjatoka na kamba, nenda mwenyewe kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, uwaeleze mnataka kufanya nini, kisha wazazi waombwe ruhusa.

Mkimaliza, mwombe mwenyekiti aliweke jambo hilo kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, kwa hiyo wengi wa kidato cha tatu hawatapiga kura. Si kitu. Wawili wasimame wasome vipimo vyao, wengine wakae wasikilize watu wazima wakibishana. Watasikia pia mapato na matumizi ya kijiji yakisomwa, au watashangaa kwa nini hayasomwi. Somo la namna hiyo hulipati ubaoni. Kijiji kinaweza kuamua kuwapa wenye mashamba muda wavune kwanza, au kisiamue lolote siku hiyo. Vijana wakinuna, waulize wafanye nini kabla ya mkutano ujao.

Miche ipandwe mvua zikishaanza, si siku mgeni rasmi anapopatikana. Nimeona fulana nyingi na kamera nyingi kuzunguka mche mmoja ambao hakuna aliyerudi kuumwagilia. Kila mche uwe na kundi lake, na ratiba ya likizo ijulikane mapema, maana shule ikifungwa mbuzi hawafungwi.

Zahanati mkaifagie siku ya usafi, pamoja na kijiji kizima, walimu mkiwemo.

Vyeti sivitaki. Mwombe mtendaji nakala ya muhtasari wa mkutano ambamo vipimo vya wanafunzi vimeandikwa, uibandike kwenye ubao wa matangazo wa shule. Na ukiibandika, waache waisome wenyewe. Watakuja kukuuliza kwa nini namba fulani imekosewa.