Kamera ndiyo inayotuchelewesha

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Anayekwenda nchi za nje na kamera shingoni, huona zaidi au huona kidogo?" Nyumbani kwetu swali hili lilizua mabishano kabla ya kupata jibu, maana mume wangu na mimi sote tunapiga picha, wala hatupigi za aina moja. Yeye hupenda milango, kuta na ngazi, vitu visivyomkimbia. Mimi napenda mikono ya watu wakiwa kazini.

Nasema huona zaidi, bora awe na nafasi. Mwenye kupita miji mitano kwa wiki moja, kamera kwake ni risiti tu, ya kuonyesha kwamba alifika. Sisi hatuendi mbio. Tangu mume wangu astaafu na watoto wawe na nyumba zao, tunachagua mji mmoja au miwili, tunapanga chumba chenye jiko, tunakaa mpaka muuza mkate atuzoee. Bila kamera nadhani tungekwisha kurudi zamani. Kamera ndiyo inayotuchelewesha: leo mwanga umekataa, basi kesho tena.

Tena sisi ni watu wa Lamu. Mji wetu uliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na hata kabla ya hapo mwanamke wa mtaa wetu wa Mkomani alikuwa akipinda kichochoroni anakuta lenzi imemwelekea. Bibi zetu walivuta buibui wakaingia ndani. Wazee wa barazani, wako waliokubali, wako waliodai pesa, na wako waliotukana huku wakitabasamu, mgeni akashukuru. Kwa hiyo tuliposhika kamera wenyewe, upande wa pili wa lenzi tulikuwa tunaujua. Wala picha kwetu si kitu cha wageni peke yao. Marehemu Omar Said Bakor alikuwa na studio yake hapa Lamu, akisifika kwa picha za kukata na kuunganisha, sura ya mtu ikazungukwa na mapambo aliyoyabuni mwenyewe. Pale watu walikwenda kwa miguu yao, wamevaa na kujipamba.

Huo ndio mwendo tunaoufuata ugenini: kwanza salamu, kisha kukaa, kamera baadaye.

Oman ndiko ulikotufaa zaidi. Tulikwenda wakati wa baridi, kwa kuwa kiangazi cha Muscat hupita nyuzi 40 na hakuna wa kupiga picha humo. Mutrah, mtaa wa kale wa bandarini, ni mzuri, lakini kila pembe yake imekwisha kupigwa. Nizwa, mji wa bara, ndiyo niliyoipenda. Ijumaa asubuhi na mapema kuna mnada wa mifugo. Wanunuzi hukaa kwa mviringo, wengine katikati na wengine pembeni, na wenye mbuzi huwapitisha kwenye njia iliyobaki wakinadi bei. Vumbi limesimama, jua linaingia ubavuni, kanzu nyeupe, na kofia zilizotariziwa ambazo ukiziona utajua ni jamaa wa kofia zetu za vito.

Mume wangu alikuwa amekwenda kuuzunguka mnara wa ngome, ule mpana wa Imamu Sultan bin Saif wa karne ya 17. Alipokuja kunichukua tukawa tunasemezana, na mzee mmoja mwenye bakora akageuka.

"Kumbe nyinyi watu wa kwetu! Mnatoka Unguja?"

"Lamu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, wanangu. Lamu!"

Waomani wa namna hii ni wengi. Wazee wao waliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, na Sultan Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970 milango ikafunguliwa zaidi. Tulikaa naye mpaka mnada ukamalizika. Nilipomwomba picha, akamshika mbuzi aliye karibu naye: "Piga, binti yangu, lakini mbuzi si wangu. Usije ukawaambia watu wa Lamu nina mali."

Mahali pamoja wanaoilaumu kamera nitawaunga mkono. Katika Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos kuna zulia la zaidi ya mita za mraba 4,000, lililofumwa Iran, na utawakuta watu wanatafuta pembe ya picha huku wenzao wanasali. Sisi kamera zilikaa mkobani.

Istanbul niliichagua mimi, kwa ajili ya mwanga. Lamu iko nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, jua letu hushuka wima. Ukitoka kusali magharibi, rangi zimekwisha. Istanbul, nyuzi 41 kaskazini, mwezi Juni jua hutua kwa mshazari, na magharibi huingia saa mbili na nusu usiku imepita! Mwanga wa dhahabu unakaa mpaka mpigaji achoke. Jioni tulikuwa Daraja la Galata, wavuvi wamesimama bega kwa bega, fimbo zimening'inia juu ya maji, na mikahawa chini ya miguu yao. Mume wangu, mtoto wa mvuvi wa mshipi, aliiacha kamera akaanza kukagua chambo za watu, akibishana nao kwa vidole.

Mji huo ndio wa Ara Güler, aliyezaliwa humo mwaka 1928 akawapiga picha wavuvi na wachukuzi wake kwa miaka na miaka. Makumbusho yake yalifunguliwa 2018, mwaka aliofariki. Tulipotoka, mume wangu akauliza kwa nini tunavuka bahari kwenda kupiga wavuvi wa watu. Nikamwambia kwa sababu wa Lamu wamekwisha kutukataza.

Kwa wenzangu wa pwani, neno la matumizi: lenzi ikifungiwa kabatini huku kwetu huota kuvu. Itieni kwenye kopo lenye vidonge vya kunyonya unyevu. Na betri za akiba zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwenye sanduku la mizigo haziruhusiwi.

Sasa tunavutana juu ya safari ijayo. Yeye anataka Salalah, kusini mwa Oman, kati ya Juni na Septemba, ambapo upepo uleule wa kusi unaochafua bahari yetu huleta manyunyu na milima ya huko kuwa kijani. Mimi nataka Arles, Ufaransa, ambako tangu 1970 kuna tamasha la picha kila kiangazi. Akiba anaishika yeye. Fomu za viza huzijaza mimi, na za Oman bado sijazigusa.

Msomaji wenu,
Mkomani, Lamu